Maji Nyuma ya Tsonka

Siku ya mazishi ya Tsonka ilianza kama siku yoyote ya Agosti kijijini pale kando ya mto Danubi. Mbwa walilala kivulini. Wanaume walivuta sigara uani wakisubiri jeneza, wakimkumbuka marehemu kwa vicheko. Alipika kwenye kambi za mafuta katika jangwa la Libya, akaendesha lori la machungwa Hispania, na uzeeni akapanda meli ya wavuvi huko Norwei. Mwaka huu alirudi na kikohozi, hakupona.

"Huyo hata kaburini atatafuta dirisha la kutokea," alisema jirani, Stamen.

Walimjua. Tsonka hakuwahi kutoa taarifa ya kurudi. Aligonga tu kioo cha jikoni kwa pete yake, na mjukuu wake Yana akatoka mbio. Kitandani, siku za mwisho, alimwahidi mtoto: "Safari ijayo nakuchukua."

Jeneza lilipovuka kizingiti, bintiye Galina alinyanyua birika la shaba akamwaga maji nyuma yake. Mkono ulijiendea wenyewe. Tangu utotoni ndivyo alivyomuaga mama yake: maji nyuma ya msafiri, njia iwe laini, arudi salama.

Ua mzima uligeuka kumtazama.

"Galina, mwanangu," mama mkubwa Penka alinong'ona, "hayo ni ya mtu anayerudi. Maiti hamwagiwi."

"Sikufikiri, mama mkubwa."

"Birika hilo liende naye. Akigonga, usifungue. Na mtoto asiachwe peke yake."

Birika lilizikwa. Galina aliona kwa macho yake udongo ukilifunika.

Asubuhi ya arobaini alikuwa akichemsha ngano ya kugawa makaburini. Kioo cha jikoni kikagongwa.

Sauti ya pete.

Dirishani hapakuwa na mtu.

"Yana?"

Chumba chake kilikuwa kitupu. Koti la mtoto halikuwepo ndoanoni.

Galina alikimbia. Yana alisimama langoni na koti lake la baridi, jua likiwaka. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooka juu, kama wa mtoto aliyeshikwa na mtu mzima. Vidole vilikuwa barafu.

Galina alimkumbatia.

"Huyu haendi," alinong'ona. "Huyu ni wangu."

Mkono ukashuka taratibu. Hakuna aliyepita barabarani. Lango likajifunga.

Alimbeba hadi ndani, akageuka kuzima jiko. Alipotazama tena, Yana alikuwa kizingitini. Mbele yake mstari wa maji ulinyooka hadi langoni, vumbi likiunywa.

"Umefanya nini?"

"Nimemuaga bibi. Amekubali kwenda peke yake leo."

"Maji umeyatoa wapi?"

Mtoto aliinua birika la shaba kwa mikono miwili. Udongo mweusi ulikuwa umeganda kwenye mpini.

"Kanipa yeye. Kasema nimwagie, asichelewe kurudi."