Kipande cha Pakiti ya Maziwa

Jumamosi ya soko, kwenye kituo cha petroli kinachotazama barabara ya Namanga pale Kitengela, msichana mmoja alikuwa amefunga njia. Pikipiki yake kuukuu ilikuwa imegoma mbele ya pampu, na nyuma yake magari yalipiga honi kama yamelipwa.

"Madam, songesha hiyo mnyama!" dereva wa lori alifoka.

"Ni mnyama kweli, na haisukumwi na matusi!" alimjibu bila kugeuka, akapiga kiki tena.

Jina lake Naisula. Alivaa rinda la buluu, gambuti nyeusi, na bangili za shanga zilizopanda hadi karibu na kiwiko. Aliuza dawa za mifugo katika duka moja mjini, na kila Jumamosi aliwapelekea wazazi wake dawa na mahitaji huko ndani, ng'ambo ya Kajiado. Pikipiki ilikuwa ya babake, Mzee Saning'o, aliyezunguka nayo miaka mingi akitibu ng'ombe wa watu mpaka miguu ikamkataa.

Kijana mmoja aliyekuwa amekuja kununua gesi aliuweka mtungi chini. Huyu ni Wakhungu, mtu wa Bungoma, mfanyakazi wa kiwanda cha mabati Athi River. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama.

"Sister, wacha kuipiga teke. Umeizamisha na petroli. Uko na spana ya plagi?"

"Wewe ni fundi ama ni mtu wa kanisa?"

"Nimelelewa kwa garage ya mjomba, Webuye. Hii shati ni ya kudanganya watu."

Naisula alicheka, na hapo ndipo Wakhungu alipopotea. Alichomoa plagi, nyeusi tititi, akaisugua kwa ubavu wa kiberiti, kisha akaipangusa kwa pindo la shati lake jeupe. Mwanamume akiharibu shati kwa ajili ya mwanamke asiyemjua, mshipi umeshamnasa. Kiki ya pili, pikipiki ikanguruma.

"Unanidai shati," Naisula alisema.

"Nipe namba ya simu, tutaongelea hiyo deni."

Kumbe walikuwa wakipanga nyumba jirani, mtaa wa Noonkopir. Haukupita muda, Wakhungu akawa anapitia kwake kila Ijumaa jioni kunywa chai. Naisula alimwita "fundi", yeye akamwita "daktari". Wakhungu alimfundisha jinsi ya kuipeleleza pikipiki iliyokataa kuwaka: kwanza petroli, halafu hewa, mwisho moto. Alimwonyesha kufungua kabureta, kupuliza tundu lake, kushika plagi na kutazama cheche. Sehemu moja tu hakumwonyesha, kifuniko kidogo cha upande kilichoficha vidole viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kutoa moto.

"Hapo usiguse, daktari. Ukisongesha kidogo, timing yote imeenda."

"Sawa, fundi wangu. Sitagusa."

Ukweli ni huu. Ijumaa, chai ikishaisha na Naisula akiinuka kuosha vikombe, Wakhungu alitoka uani, akafungua kifuniko kile na kuchomeka kipande cha plastiki kati ya vile vidole viwili. Alikikata kwenye pakiti ya maziwa ya chai hiyohiyo. Asubuhi pikipiki haikuwaka. Simu yake ikalia.

"Fundi, imekataa tena!"

"Ati tena? Nakuja, sweetie. Usiisukume."

Alikuja, akazungukazunguka, akapaka mikono grisi ili ionekane kazi ilikuwa ngumu, akakichomoa kile kipande kisirisiri. Kisha akasema afadhali waende wote, isije ikazima njiani. Ndivyo alivyozipata Jumamosi zake: Naisula akiendesha, yeye nyuma ameshika kiuno, upepo wa Isinya ukiwapiga usoni. Ndivyo alivyofahamiana na Mzee Saning'o pia, hata mzee akaanza kumwekea kiti. Aliyenuna ni Leshan, mdogo wake mzee.

"Huyu wa magharibi anatafuta nini hapa?" Leshan aliuliza.

"Anatafuta binti yangu," mzee alijibu. "Na ananitengenezea pikipiki. Wewe umenitengenezea nini?"

Mimi nasema ilikuwa hila ya kijinga, maana mlango ulikuwa wazi na yeye akapitia dirishani. Lakini aliogopa. Alijiona kijana wa kupanga chumba, bila ng'ombe hata mmoja, na hakuamini kwamba angealikwa bila sababu ya spana.

Ijumaa moja alichomeka kipande chake kama kawaida. Asubuhi yake msimamizi akamwita ghafla kushika zamu ya mwenzake aliyeugua. Kiwandani simu huachwa langoni. Alikumbuka kile kipande akiwa tayari amevaa helmeti, akajiambia kwamba Naisula atapanda matatu, hakuna kitakachoharibika.

Asubuhi hiyohiyo Mzee Saning'o alikuwa amempigia bintiye simu, sauti imekwisha.

"Enkerai ai, mwanangu, njoo mapema. Kuja na huyo kijana. Mamako ameshakamua. Nataka niwabariki kabla sijaenda."

Baraka ya baba kwa binti anayeolewa, kwao, ni maziwa na majani mabichi na mate ya mdomo wake mwenyewe. Naisula alimpigia Wakhungu. Simu imezimwa. Akapiga kiki mpaka goti likauma. Akapima petroli, akapima hewa, akatoa plagi. Cheche hakuna. Akapiga simu tena. Alipokubali kuiacha pikipiki na kukimbilia stage ya matatu, asubuhi ilikuwa imeenda. Mzee alikata roho wakati gari liko Isinya.

Alipofika, alikuta kibuyu cha maziwa bado kimesimama kando ya kitanda.

"Alikuwa anauliza pikipiki imefika," mamake alimwambia. "Kila saa, pikipiki imefika?"

Wiki za matanga Naisula hakutaka kusikia jina la Wakhungu. Siku aliyoridhia kumsikiliza, walikaa kibandani kwa Mbithe, mama wa chapati, na chai ikapoa mbele yao.

"Ulizima simu siku hiyo moja tu. Kwa nini?"

"Sikuzima kukukwepa. Simu hubaki kwa gate. Walinishikisha zamu ghafla. Daktari, nisamehe."

Naisula alimtazama macho yake mekundu, akaamini. Hakuwa amedanganywa kuhusu simu. Akamshika mkono palepale mbele ya wateja, wote wawili wakalia.

Hata Leshan alilegea. "Ndugu yangu alimpenda," alisema. "Nitawabariki mimi. Jumamosi waje na ile pikipiki, mzee angependa hivyo."

Pikipiki ilikuwa imefunikwa turubai uani tangu siku ya msiba. Wakhungu alikuwa ameomba mara mbili aiguse.

"Wacha niiangalie kidogo tu, babe."

"Iache. Ni ya papa. Utaitengeneza siku ya kwenda."

Jumamosi ilipofika, Wakhungu alidamka kabla ya jua. Naisula alikuwa amedamka mbele yake, akitaka kumfurahisha, aikute imeshawaka. Alipima petroli, akapima hewa, akatoa plagi. Sehemu moja tu ilibaki.

Wakhungu alipoingia uani akiwa na suti mpya, alimkuta amechuchumaa kando ya injini, rinda jekundu la sherehe limeingia grisi. Kifuniko kilikuwa chini. Kiganjani mwake palikuwa na kipande cha plastiki kilichokunjwa, chenye rangi za pakiti ya maziwa waliyonunua siku zote.

"Hii iliingia aje hapa, fundi?"

Wakhungu alikitazama kile kifuniko chini.

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa," alisema kwa taabu. "Nilitaka tu kwenda na wewe. Niliogopa nikiomba utakataa."

"Ungeniomba tu!" Naisula alilia kwa sauti. "Wakhungu, ungeniomba! Mimi kila Ijumaa nilikuwa nangoja uniombe. Asubuhi ikikataa kuwaka, nilikuwa nafurahi!"

"Naisula, sikujua mzee ataitana."

"Najua hukujua. Na bado alikufa akiuliza pikipiki imefika."

Alirudisha kifuniko mwenyewe, akakaza skrubu mojamoja, akajifunga shuka mabegani.

"Unaenda wapi? Twende wote, mpenzi, nitamwambia mama kila kitu."

"Naenda kuwaambia wasikamue."

Alipanda. Wakhungu aliitazama ile pikipiki, na kwa mara ya kwanza aliomba kwa moyo wote ikatae kuwaka yenyewe, bila mkono wa mtu. Iliwaka kwa kiki moja.

Jumamosi iliyofuata aliamka mapema, akavaa, akaketi kitandani na simu mkononi. Jumamosi nyingi alifanya hivyo.