Mchora Mabango Aliyesahau Kupumua

Kila asubuhi mchora mabango wa mtaa ule alitoka nyumbani na mke wake, ngazi ikiwa katikati yao. Mume alishika mbele, mke nyuma, na makopo ya rangi yalining'inia kwenye vipandio yakigongana njia nzima. Mume aliandika majina: bucha, saluni, duka la dawa, ofisi ya wakili. Mke alikoroga rangi, akapiga mistari ya chaki kwa kamba, kisha akashika ngazi chini. Watu walimwita mume Bwana Herufi. Mke walimwita Mama Ngazi, tena nyuma ya mgongo wake. Alijua, wala hakuudhika.

Bwana Herufi alikuwa na mkono wa ajabu. Mstari wake ulinyooka kama uzi uliofungwa jiwe. Fundi aliyemfundisha alimwachia sheria moja: brashi ikigusa ukuta, usipumue, kwa kuwa pumzi hutingisha mkono. Basi tangu ujana wake alivuta hewa, akaibana, akapiga mstari, ndipo akaiachia. Herufi moja ina mistari kadhaa, na ukuta mmoja una herufi nyingi. Mtu huyu alikuwa akibana pumzi kutwa nzima.

Ujanani hakuona tofauti. Siku hizi jua likifika utosini alikuwa hoi, amelegea kama kitambaa cha kufutia brashi. Jioni alisinzia na tonge mkononi. Mama yake mzazi, waliyekaa naye, alilichomoa tonge lile polepole akalila mwenyewe, akisema chakula hakitupwi.

Ndipo ikaja kazi ya shule. Mwalimu mkuu alitaka jina la shule liandikwe juu kabisa kwenye ukuta wa ghorofa, herufi zenye urefu wa mtoto. Hawakuwahi kupata kazi kubwa kama ile. Ilitakiwa iishe kabla shule hazijafunguliwa. Ikiwashinda, angepewa kijana mwenye mashine ya kuchapa mabango ya plastiki, na baada ya hapo nani angeita tena mtu wa brashi?

Siku ya kwanza, kwenye herufi ya pili, Mama Ngazi alisikia ngazi ikitetemeka viganjani mwake. Brashi ikaanguka, ikampaka rangi begani. Alipotazama juu, mumewe alikuwa ameikumbatia ngazi, macho ameyafumba. Alimshusha kipandio kwa kipandio, akimwambia mguu auweke wapi.

Bwana Herufi alipokanyaga chini alidai ni jua tu. Mkewe alijifuta bega kwanza.

"Sikiliza, baba watoto," alisema. "Ngazi hii siishiki tena mpaka uwe na nguvu za kukaa juu yake. Sitaki kusimama hapa nikingoja uniangukie."

Bwana Herufi alimjua mkewe. Katika mambo mengine alitania. Katika ngazi, hapana.

Akaanza kutafuta nguvu. Kinyozi alimwonyesha kwenye simu mtu aliyekaa ndani ya barafu, akihema kama mvukuto wa mhunzi, kisha akatoka anacheka, misuli imemtuna. Bwana Herufi hakuuliza zaidi. Alinunua barafu kwa wauza samaki, akajaza pipa uani, akahema harakaharaka mpaka vidole vikamfa ganzi. Akaingia.

Mama Ngazi alikuwa ndani akiosha vyombo. Alisikia mtu akihema kwa nguvu, halafu kimya. Alipotoka, kichwa cha mumewe kilikuwa kimelala juu ya ukingo wa pipa, midomo imepauka. Yeye na mama mkwe wakamshika makwapani, wakamvuta, pipa likapinduka, wote watatu wakakaa kwenye matope pamoja na barafu. Bwana Herufi akafumbua macho, meno yakigongana.

"Nilizaa mtoto," mama yake alimwambia. "Sikumbuki kuzaa samaki."

Purukushani ile ilimleta jirani wa ukuta wa pili. Alifanya kazi hospitalini, akiwafundisha wagonjwa kutumia tena mikono na miguu yao, na kwa kuwa hakuchoka kuwaambia watu wanyooshe mgongo, mtaa mzima ulimwita Dada Nyoosha. Alimfunika Bwana Herufi kwa blanketi kavu, akangoja mpaka kutetemeka kukapungua. Alipoelezwa kisa, hakucheka.

"Shemeji, leo umeponea chupuchupu," alisema. "Ukihema harakaharaka namna ile, unazima kengele ya mwili inayokuambia uvute hewa. Ndiyo maana mtu huzimia bila hodi. Ukizimia kitandani, utaamka. Ukizimia ndani ya maji, tunakuzika. Usifanye zoezi lolote la pumzi ndani ya maji, wala juu ya ngazi, wala ukiendesha gari."

Kisha akawaambia kwamba uchovu wa kila siku una sababu nyingi, na nyingine ni maradhi. Aende apimwe kwanza damu, sukari na presha. Maji baridi hushtua moyo, kwa hiyo mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo au mjamzito asiyajaribu kabla ya kuongea na daktari.

Bwana Herufi alipimwa, akakutwa mzima. Alirudi akijigamba kama mtu aliyefaulu mtihani. Dada Nyoosha akamwomba achore herufi moja ubaoni, pale uani. Akamwita Mama Ngazi, akamwambia aweke kiganja mgongoni mwa mumewe.

Brashi ikagusa ubao. Mgongo ukasimama, haupandi wala haushuki. Mama Ngazi akangoja. Akangoja tena. Miaka yote ile alishika ngazi, hakuwahi kushika mgongo.

"Huyu hapumui," alisema.

"Ndiyo kazi yake inavyomla," Dada Nyoosha akajibu. "Anafanya kazi kama jiko la mkaa lililofunikwa."

Aliwafundisha kidogo kidogo. Asubuhi, Bwana Herufi akae kitini, avute hewa taratibu kwa pua mpaka tumbo lijae, aitoe polepole zaidi kuliko alivyoivuta. Akisikia kizunguzungu, aache. Baada ya kuoga kama kawaida, ajimwagie maji baridi ya bomba miguuni, kisha mikononi, kwa muda mfupi tu, akipumua kwa utulivu. Akianza kutetemeka, atoke, ajikaushe. Barafu awaachie wauza samaki. Tena afanye mazoezi ya kale ya binadamu, yale anayoyajua kila mtoto: kutambaa, kuchuchumaa, kuning'inia, kubeba ndoo mikono yote miwili. Alisisitiza kwamba hakuna uchawi hapo. Maji yale yanaamsha mwili, hayashibishi. Lazima ale, anywe maji ya kutosha na alale.

Kutambaa ndiko kulikoleta vituko. Asubuhi moja mwenye saluni alikuja kuulizia bango lake, akamkuta Bwana Herufi anazunguka meza kwa magoti na viganja. Akamtazama mama wa Bwana Herufi, aliyekaa mlangoni.

"Mwache," mama yake alisema. "Anaanza upya. Safari hii labda atakua vizuri."

Gumu lilikuwa mstari. Kila alipopumua, brashi iliyumba. Alitupa kifimbo chake cha kuegemezea mkono, akasema bora abane pumzi afe na mistari iliyonyooka. Mama Ngazi alikiokota. Akachovya brashi katika maji matupu, akamwonyesha ukuta wa saruji: achore hapo, maji yatakauka, hakuna atakayeona makosa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshagundua jambo. Mumewe alianza mstari kabla pumzi haijaanza kutoka. Alimwambia avume kama nyuki, mmm, kisha ndipo brashi iguse ukuta. Anayevuma, pumzi inatoka, hana namna ya kuibana.

Akavuma. Mstari ukayumba kidogo, wa pili ukatulia. Kadiri siku zilivyokwenda ukanyooka kama wa zamani, naye jioni akaanza kumaliza sahani yake mwenyewe, jambo ambalo mama yake alilipokea kwa huzuni.

Karibu na kufunguliwa kwa shule, Mama Ngazi alikubali kurudi ukutani. Alitoa sharti: avume kwa sauti, kila mstari, ili yeye asikie kule chini. Mvumo ukikatika, anashuka.

Bwana Herufi alivuma vibaya kupita kiasi. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani kuuliza nyuki wametoka wapi. Lakini herufi zilifuatana, na miguu juu ya vipandio ilitulia. Alishuka kunywa maji, akatembea kidogo, akachuchumaa kivulini, akapanda tena. Jua likapita utosini. Likainama.

Kisha, akiwa juu kabisa, mvumo ukakatika.

Mama Ngazi aliibana ngazi kwa mikono na magoti. Hakuthubutu kutazama juu.

"Mbona umenyamaza?"

Ndipo sauti ya mumewe ikateremka, shwari kabisa.

"Herufi zimekwisha, mke wangu. Unataka nivume bure?"

Walirudi nyumbani na ngazi yao, mume mbele, mke nyuma. Walipofika kwenye kona, Mama Ngazi ilibidi amwombe apunguze mwendo.