Maneno Yangu ya Katuni Yalivunja Uchumba wa Zuhura

Nina umri wa miaka ishirini na sita, mwenyeji wa Nyakabanda hapa Kigali, na jina langu la kweli ni Mariamu. Wengi wanaoleta mikasa yao kwenye ukurasa huu huomba majina yao yafichwe. Mimi sistahili kufichwa... mtaona kwa nini.

Mwaka 1991 magazeti mapya yalikuwa yakizuka mjini kila kukicha. Nilipata kazi ya kupiga taipu katika gazeti moja dogo la Kinyarwanda. Siku moja mchoraji wetu alikwama, akaniomba nimtungie maneno ya katuni. Nikatunga, watu wakacheka. Tangu hapo, chini ya kila katuni paliandikwa: Maneno ni ya Mariamu. Kichwa kilinivimba!

Jirani yangu alikuwa Zuhura, fundi cherehani wa miaka thelathini na moja, aliyekuwa ameachika bila mtoto. Alinishonea nguo za Idi bure. Nilipougua malaria ni yeye aliyenipikia uji. Alikuwa amechumbiwa upya na Hamisi, dereva wa lori la Mombasa. Hamisi alimwandikia barua kutoka safarini, nami ndiye niliyezisoma na kuzijibu... kwa sababu Zuhura hakujua kusoma!

Hamisi hakulijua hilo. Zuhura aliona aibu kumwambia. Basi kila Alhamisi alijifunika kitenge akapanda mtaa wa Kiyovu kwa mwalimu mmoja mstaafu, mzee aliyeishi na binti yake mpishi nyuma ya jumba la Wazungu. Huko alifundishwa herufi. Siri hiyo alinipa mimi peke yangu.

Nami nikaiuza kwa kicheko!

Wiki moja sikuwa na wazo lolote. Nikaandika habari ya mwanamke anayekwenda Kiyovu kusoma kitabu. Mhariri akaipitia, hata hakutabasamu. Nikafuta neno "kitabu", nikaweka "cya kintu", yaani kile kitu. Majirani kwenye katuni wakaulizana: Anakwenda wapi? Kule kule. Kufuata nini? Kile kitu! Na mzee anasemaje? Anasema bado kidogo, ameanza kukishika!

Mhariri alicheka mpaka akavua miwani. "Hapo sasa! Jina usitaje. Kila mtu atajaza mwenyewe."

Na kweli walijaza! Mchoraji alikuwa amechora kitenge, cherehani, na njia ya kupanda Kiyovu, kama nilivyomweleza. Nyakabanda nzima ikamtambua. Kwenye bomba la maji wanawake walikohoa alipopita. Wanaume walimwita dirishani: "Fundi, leo iko kile kitu?" Wateja wakapungua. Je, ningeandika "kitabu", nani angemcheka?

Hamisi aliporudi safarini alikuta maneno yamemtangulia. Akamuuliza mchumba wake Alhamisi huwa anakwenda wapi. Maskini Zuhura, kwa aibu ya kutojua kusoma, alijibu tu kwamba ana shughuli zake. Shughuli gani? Akainamia cherehani yake akaendelea kushona...

Hamisi akaja kwangu. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, macho mekundu. "Mariamu, wewe ni kama mdogo wake. Niambie kweli."

Neno moja tu lingetosha! Lakini Hamisi angemweleza Zuhura habari ya katuni ile, naye angejua kwamba hakuna mwingine aliyeijua siri yake hata aweze kuiandika. Nikainamisha kichwa nikasema, "Shemeji, mambo ya mtu mzima mimi siyajui vizuri..."

Alielewa alivyoelewa. Kesho yake alivunja uchumba.

Siku ya tatu Zuhura alikuja na lile gazeti, limechakaa kwa kupita mikononi mwa watu. Akaketi kitandani kwangu. "Mdogo wangu, nisomee. Humu iko nini wananicheka hivi?"

Ndugu wasomaji, nilishika gazeti lile nikamdanganya! Nilimwambia ni mambo ya siasa, mambo ya vyama. Hakubisha. Alilichukua polepole, akaweka kidole juu ya karatasi, akaanza kusoma mwenyewe, herufi kwa herufi. "Cya... ki... ntu." Kidole kikateremka mpaka chini. "Ma... ri... a... mu."

Nilitamani ardhi inimeze!

Hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu, "Jina lako ndilo la kwanza nililomwomba mwalimu anifundishe." Akaondoka na kunifungia mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa alale.

Wiki ile ile aliuza cherehani akaenda kwa shangazi yake Bukavu. Nilimtafuta Hamisi nikamweleza yote huku nikilia. Alitema mate chini. Alimfuata Bukavu. Alirudi peke yake. Zuhura alikuwa amemwambia hawezi kuolewa na mtu aliyeliamini gazeti kuliko yeye.

Kazi niliiacha. Barua nne nimemwandikia, na sasa anajua kuzisoma, lakini hakuna hata moja aliyoijibu.

Wenzangu mnaotunga vichekesho, na ninyi mnaopiga umbea vibarazani, nawaomba sana! Nilijidanganya kwamba kwa kuwa sikutaja jina wala tusi, mikono yangu ni safi. Neno langu la mafumbo lilikuwa chombo kitupu, na watu wakakijaza uchafu wao wakammwagia mtu aliyenipenda. Kama jambo huwezi kulisema kwa jina lake mbele ya mwenyewe, usiliseme kabisa. Mimi nilichekesha watu nikasifiwa wiki moja... na tangu siku ile sijaweza kupita mbele ya mlango wa Zuhura bila kuinamisha uso.