Majibu ya Mgonjwa Asiyefika

Ukurasa ulifunguka wenyewe. Pale mapokezi ya hospitali, hakuna aliyekuwa amegusa kibodi.

"Wifi, njoo," dada wa mapokezi alinong'ona kwenye simu. "Kompyuta inanionyesha majibu ya mgonjwa ambaye hata hajafika."

Fundi wa mitambo alisonya. Kuolewa na kaka wa mtu ni shida tosha. Kufanya naye kazi jengo moja ni adhabu. Alimkuta wifi yake amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

"Sikiliza, labda leo utaelewa," alisema. "Kompyuta yako ni mteja tu, kichwani mtupu, kama watu fulani. Inatuma ombi, seva kule chumbani inatafuta, inarudisha jibu. Isipoombwa, inanyamaza. Jini aje kutafuta nini humo?"

Mlangoni akasukumwa mzee kwenye kiti cha magurudumu. Binti yake alipomtaja jina, dada wa mapokezi alipiga kelele: lilikuwa lile lile la kwenye skrini, na chini yake, *Amefariki*. Mzee alikohoa mara moja, kichwa kikaanguka kifuani.

"Sadfa," fundi alisema.

Alikwenda chumba cha seva, akafungua mlango, akapigwa na harufu ya nywele zilizoungua, na ingawa kiyoyozi kilikuwa kikipuliza baridi ya kuumiza meno, kuta zilikuwa zikitoa jasho, na alipochomoa kebo ya mtandao, kisha ile ya umeme, feni ziliendelea kuzunguka, zikihema kama mtu aliyepanda ngazi.

Alirudi mapokezi mbio.

"Bado kurasa zinakuja," wifi yake alilia. "Ni jini! Tumwite mtu wa dua."

"Mjinga wewe! Tazama." Kwa hasira, fundi aliliandika jina la wifi yake pale pa kutafutia. Jibu lilitokea kabla hajabonyeza.

Akajisogeza haraka, akaiziba skrini kwa mgongo.

"Inasemaje?"

"Haisemi kitu."

"Wifi, niambie."

"Haisemi kitu, mpenzi. Kaa hapa. Nipe mkono."

Dada wa mapokezi alicheka huku machozi yakimtoka. "Miaka yote hii, leo ndiyo umenipenda?"

Fundi aliukaza ule mkono. Vidole vilikuwa vimeshaanza kupoa.