Mshubiri wa Bi Kulthum

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Shariffa aliteka maji kwenye kisima cha uani, akajaza kata na kupanda ngazi mpaka chumbani kwa bibi yake. Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na chungu chenye mshubiri. Akaumwagia kata nzima.

Bibi yake, Bi Kulthum, alikuwa shamba Kidichi kwa msimu wa karafuu. Siku ya safari, punda akimsubiri mlangoni pale Kiponda, alimwambia mjukuu wake, "Mshubiri wangu nakuachia wewe. Utunze. Mtu akiungua mtaa huu, dawa yake ni hiyo."

Shariffa alikuwa na miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kukabidhiwa jambo kubwa kama lile. Maji yalipoanza kuchuruzika chini ya chungu na kulowesha mkeka, aliziba tundu kwa kitambaa, akajiona mwerevu.

Wiki ya tatu majani yakabadilika. Yale yaliyosimama magumu kama majambia yakawa ya manjano, laini, yamelala. "Una kiu, maskini," akasema, akaongeza kata ya pili. Kesho yake jani moja liling'oka lenyewe mkononi mwake, likinuka.

Shariffa akachanganyikiwa. Maji hakuunyima. Jua lilikuwa lile lile. Basi nani anauua? Akamkumbuka Bi Kazija, mwanamke wa Tumbatu aliyekuja kufua kila Jumatatu. Si yeye huingia chumbani kuchukua nguo?

"Mama, Bi Kazija anamwaga maji ya sabuni kwenye mshubiri wa bibi."

"Umemwona?"

Shariffa akasita. "Nimemwona."

Bi Kazija alipoitwa, alibaki na povu mikononi. "Mimi? Wallahi sijaugusa!" Lakini mama alimwambia asije tena mpaka Bi Kulthum arudi. Bi Kazija akajifuta povu, akajitanda kanga yake, akatoka.

Shariffa alidhani moyo utatulia. Haukutulia. Bi Kazija alikuwa hayupo, na mshubiri ulizidi kuoza. Shariffa hakuelewa tena nini kinauua.

Bi Kulthum aliporudi, alikwenda moja kwa moja dirishani. Akakiinamisha chungu; maji yakamwagika juu ya miguu yake.

"Nani kaziba tundu hili?"

"Labda Kazija," alisema mama. "Nimemzuia asije kwa ajili ya mti huu."

Machozi yakamtoka Shariffa. "Ni mimi, bibi. Nimeziba mimi, na maji nnatia mimi kila siku. Bi Kazija sikumwona na lolote. Nilisema uongo."

Mama akashika kichwa. Bi Kulthum hakufoka. Alichukua buibui lake. "Twende tukamtake radhi. Mti utangoja."

Walimkuta Bi Kazija Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwa dada yake, akichambua mchele.

"Shikamoo, Bi Kazija," Shariffa alisema kwa sauti ndogo. "Nilikusingizia. Mti nimeuozesha mimi, kwa maji ya kila siku. Nisamehe."

Bi Kazija aliweka ungo chini. "Marahaba," akajibu. "Siku ile nililia njia nzima, mwanangu. Lakini nshakusamehe." Kisha akauliza, "Ulikuwa ukitia maji kila siku? Kwetu mishubiri huota juu ya mawe, na hunywa mvua ikinyesha tu. Tafuta chipukizi zima, kata palipooza, liache kivulini siku tatu jeraha likauke. Ndipo ulipande kwenye mchanga."

Shariffa alifanya hivyo hivyo. Alizibua tundu, na tangu hapo hakutia maji ila baada ya kuchomeka kidole na kuukuta mchanga mkavu hadi chini. Bi Kazija alirudi kufua Jumatatu iliyofuata. Baada ya miezi miwili chipukizi lilitoa jani jipya, gumu.

"Bibi," Shariffa aliuliza, "kwa nini siku ile hukuushughulikia mti kwanza?"

"Mti uliuharibu kwa kutojua," alisema Bi Kulthum. "Usilolijua uliza, maana hata mapenzi huua. Lakini Kazija ulimharibia jina kwa kusudi. Mti ukioza twapanda mwengine, mjukuu wangu. Jina la mtu ukilichafua, hujui limeshafika nyumba ngapi."