Jina Lililotoka Pamoja na Code

Jina la marehemu kaka yangu lilitokea kwenye skrini... ya kompyuta niliyopewa zawadi na mchumba wangu!

FIACRE. Limeandikwa wazi kabisa, na chini yake ile code tuliyokuwa tunaitafuta tangu asubuhi.

Nikalisoma tena, herufi kwa herufi.

Jamani, msinihukumu kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza, nihukumuni tu.

Ilikuwa hapa Bunia, 2003, vita imepoa kidogo ingawa bado tulilala na viatu miguuni. Mwaka mmoja kabla, kaka yangu Fiacre alikuwa mtunza dawa kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Marabo. Kituo kikashambuliwa. Baba yetu mdogo, Josaphat, ndiye aliyetuletea habari ya kifo, pamoja na shati lenye damu. Mwili hatukuuona. Tulikaa matanga, na baba mdogo alilia kuliko sisi wote.

Mchumba wangu Anselme alikuwa wa kabila la upande wa pili, mnanielewa. Ndugu zangu hawakumtaka. Mimi nilimtaka, basi. Siku moja akaja na kompyuta iliyoungua, ili nifungue secrétariat ya kuchapa barua za watu.

"Uliitosha wapi?" nikamuuliza, yaani aliitoa wapi.

"Mahagi-Port. Itengenezwe kwanza, Gracieuse. Siku itafunguka, utaona cadeau, zawadi yako, mule ndani."

Nikaipeleka kwa Katsuva, fundi wa karibu na soko. Akabadilisha carte mère, ile bodi kuu ya ndani, kompyuta ikawaka... halafu Windows ikagoma! Inadai code yake, herufi na namba ishirini na tano. Code hiyo huwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Tukageuza kompyuta. Karatasi imekwanguliwa yote!

"Usiogope, dada," Katsuva akasema. "Code inabakiaka ndani ya disque. Tutaitosha."

Akachomoa disque, kile kifaa kinachohifadhi kila kitu, akaiunga kwenye mashine yake, akafungua kiprogramu cha kusoma code. Ikatoka. Na jina la mwenye kompyuta likatoka nayo.

"Huyu muntu unamujua?"

"Ni yaya yangu, kaka yangu mukubwa... Alikufaka mwaka jana."

Hapo nikaelewa kila kitu, au ndivyo nilivyodhani. Karatasi ilikwanguliwa ili mwizi asijulikane! Anselme alikuwa mmoja wao! Mkono uliomuua kaka yangu ndio ulionivisha pete!

Sasa sikieni ujinga wangu. Siku zile Bunia nzima ilikuwa inakwangua. Ukifika kwenye barrière, kizuizi cha wenye bunduki barabarani, na kitu chenye jina la mtu au la kituo, unaulizwa kabila lako na umeiba wapi. Mimi mwenyewe, tulipokimbia, nilikwangua jina la mama kwenye sufuria zetu. Lakini saa ile sufuria zangu sikuzikumbuka kabisa.

Katsuva akaniita: "Dada, ngoja kwanza! Niweke code, machine ifunguke!"

Sikungoja!

Nilikwenda mbio hadi kwa baba mdogo. Wakati huo alikuwa na vijana wake wenye bunduki.

"Baba mudogo! Anselme njo aliua Fiacre! Kompyuta ya Fiacre ilikuwa kwake!"

Aliketi chini, akajishika kichwa. Nikajisemea, maskini, uchungu umerudi upya.

"Mule ndani ya kompyuta, ulisoma kitu?"

"Bado, baba."

"Anselme iko wapi saa hii?"

Nikamwambia. Nyumba, njia, mpaka rangi ya mlango.

"Sawa, mutoto wangu. Rudia kwenu. Huyo uniachie miye."

Sikufika nyumbani. Katsuva alinikuta njiani, anahema, karatasi mkononi. Kompyuta ilikuwa imefunguka. Ndani alikuta barua yenye jina langu, akaichapa, akanitafuta.

"Gracieuse, niko hai. Anselme alinificha siku tatu, sasa ananipeleka Mahagi-Port nivuke ziwa. Nilimwambia akupe hii kompyuta vita ikitulia. Nilimwapisha asiseme kitu kwa mdomo wake, hata kwako. Aliyeleta wale watu wa kushambulia pa kituo ni baba mudogo Josaphat. Nilimuona na macho yangu. Usimwambie kitu."

Usimwambie kitu...

Nilipiga mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki barabarani. Mlango wa Anselme ulikuwa wazi. Bugali mezani bado inatoa moshi.

Jirani yake, Mama Emerance, alikuwa amesimama nje, mikono kichwani.

"Bamemubeba sasa hivi. Hakupigana hata. Aliuliza tu, 'Nani alibatuma?' Bakamuambia ni weye."

Anselme hakurudi. Mpaka leo.

Baba mdogo alizeeka vizuri, akafia kitandani kwake. Fiacre alirudi kutoka Uganda mwaka 2007. Kabla hata ya kuketi, aliniuliza:

"Anselme iko wapi?"

Nikamjibu, "Risasi ilimupata pa soko."

Akalia sana. Mwanawe wa kwanza akamwita Anselme. Siku ya ubatizo, mimi ndiye niliyembeba yule mtoto mpaka mbele ya padri.

Wapendwa, ukiona nusu ya jambo, kaa chini, ngoja nusu ya pili. Katsuva aliniomba dakika chache tu. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu hayakuwa maji.

Yaya Fiacre, najua page hii unaisoma kila jioni. Haikuwa risasi ya sokoni. Anselme alitunza siri yako mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyesema mlango wake una rangi gani.