Wapi Pengine Pananoga

Jana usiku nimesikia tena mtu anakwangua ukoko.

Ni sauti ambayo kila mtu anaijua, kijiko kinakwaruza chini ya sufuria, kwaru, kwaru, kinatulia kidogo mtu atafune, kisha kwaru tena. Utotoni nyumbani kwetu tuliigombania hiyo sauti. Lakini jana ilikuwa imeshapita saa saba, hoteli yetu huko chini imefungwa makufuli mawili, Mbaruk amelala pembeni yangu anakoroma, na masufuria nilikuwa nimeyaosha kwa mkono wangu na kuyafudikiza juu ya meza. Hapakuwa na ukoko wa kukwangua. Nikamvuta Anfal kifuani, nikamwekea ziwa mdomoni, nikaanza kuomba kabla hata sijajua kama atanyonya.

Naieleza tangu mwanzo, nikikimbiakimbia mnisamehe.

Sisi tuna hoteli ndogo ya chakula Mchafukoge, meza sita, na sisi wenyewe tunalala juu yake. Aliianzisha marehemu baba mkwe wangu, Mwarabu wa mjini hapahapa. Mume wangu Mbaruk anakaa mlangoni kupokea watu, mimi na Pantaleo tunapika. Pantaleo ni Mchaga wa Kibosho, na anapika pilau kuwashinda shangazi zake Mbaruk wote, jambo ambalo mashangazi hao hawajamsamehe mpaka leo. Wanakuja kwetu watu wa kila namna, Wahindi wa maduka ya vyuma, Wachina wanaouza jumla Kariakoo, Wakomoro, Wakongo waliofuata vitenge. Mwaka huu wameongezeka na hawa vijana wanaozunguka mji na simu kutafuta pa kula. Dada mmoja mwenye kucha ndefu alituweka mtandaoni, sehemu kumi za kula mjini, sisi wa kwanza, akasema hapa unakaribishwa kama umekuja kwa shangazi yako. Tulifurahi sana. Sikujua kwamba kuna na mwingine anayetafuta pa kula.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa kumi jioni, jua kali, wateja wameisha. Tumekaa watatu chini, kwenye sinia moja, Anfal ananyonya. Nikasikia miguu inasimama mlangoni. Sikuinua kichwa. Nikasema kama anavyosema mtu yeyote akiwa anakula na mwenzake akapita, karibu, karibu tule. Na jibu lake mnalijua, mtu anasema asante, nimeshiba, endeleeni, hata kama ana njaa ya siku mbili, na anapita zake. Wala si kwamba unamkaribisha kwa uongo. Akija kweli, unamsogezea.

Huyu akasema, "Haya. Nakuja."

Sauti nzito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Nilipotazama, mlangoni palikuwa na jua tu.

Pantaleo akauliza naongea na nani. Mbaruk akasema mgeni ameitika, msogezeeni, na kwa utani tukasogea kweli, tukaacha nafasi. Basi ule upande tulioacha, pilau ikaanza kubonyea polepole, kama inavyobonyea mtu akichota kwa vidole vitatu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Na haikupungua hata punje. Nikatia tonge mdomoni na tonge lile halikuwa na ladha. Si chumvi imepungua, hapana, halikuwa na kitu chochote, kama umetafuna pamba. Mbaruk akamtania Pantaleo kwamba mawazo yake yamehamia kwa mjane anayemposa ndiyo maana hatii chumvi. Pantaleo hakucheka. Alikuwa anautazama ule upande wa sinia.

Kuanzia kesho yake chakula chetu kikafa. Tulitia viungo mara mbili, tukabadilisha mchele, tukabadilisha bucha. Watu wakawa wanakamua ndimu, wanamwaga pilipili, wanaonja tena, halafu wanatazamana. Mkongo mmoja tuliyemzoea akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, chakula yenu iko sawa na karatasi." Wiki ya pili meza zikabaki tupu. Ikabaki na harufu. Si mbaya ya kuziba pua. Ni harufu ya mkono uliokula na haukunawa, imekaa pale meza ya karibu na mlango, na ukipita nayo asubuhi inakufuata mpaka jikoni. Usiku ndiyo hiyo kwaru, kwaru.

Haya yote ningeyavumilia, hoteli ni hoteli tu. Lakini siku ya kumi na mbili Anfal alikataa ziwa.

Wakati huo alikuwa na miezi saba. Alikuwa mtoto wa kunyonya mpaka anatokwa jasho puani. Siku hiyo akavuta mara moja, akaliachia, akanitazama. Hakulia. Alinitazama kama yule Mkongo alivyonitazama, kwa upole, halafu akageuza uso ukutani. Maziwa yalikuwepo, yalikuwa yanachuruzika mpaka kwenye kanga. Nikajikamulia kwenye kijiko nikaonja, na nilipoonja nikakaa chini palepale sakafuni. Yalikuwa hayana kitu. Yalikuwa kama ule wali.

Uji akatema, ndizi akatema. Kliniki walimpima, kilo saba na nusu zimekuwa sita na robo, wakachukua damu, wakachukua choo, wakasema hawaoni ugonjwa. Ndipo Mbaruk alipomleta Ustadh Abdulatif. Akasoma toka adhuhuri hadi alasiri. Alipofika ile meza ya mlangoni akaacha kusoma, akauliza kwa sauti ya chini nani alimkaribisha. Nikasema ni mimi. Akafunga msahafu wake.

"Aliyevunja mlango ningemtoa," akasema. "Huyu umemwita ale na akaitika. Nenda kwa Bi Salma wa biriani, yuko Magomeni siku hizi. Hoteli yake ilikwisha hivihivi."

Bi Salma alikuwa na hoteli Kariakoo, watu walikuwa wanapanga foleni mpaka barabarani. Ilipofungwa sisi tulipata wateja wake, na sitasema uongo, nilishukuru. Nikamkuta amekaa kwenye kibaraza, nikamwamkia shikamoo, na badala ya kuitikia akamtazama Anfal mgongoni kwangu, machozi yakaanza kumtoka kabla sijaeleza lolote. Uani mjukuu wake alikuwa anacheza na vizibo vya soda. Mtoto mnene, mashavu yanang'aa, ana mkate mkononi.

"Atakuuliza," Bi Salma akaniambia. "Akishamaliza utamu wa kwako atakuuliza wapi pengine pananoga. Ukimtajia, anaondoka saa hiyohiyo, anakwenda kusimama kwenye mlango huo mwingine. Kuingia, anangoja akaribishwe."

"Wewe ulimtajia wapi?"

"Kwa Mbaruk."

Nilitakiwa nimrukie. Nimejiuliza sana kwa nini sikumrukia. Nilikuwa namtazama yule mjukuu anavyouma mkate, na nilichomuuliza Bi Salma ni kimoja tu, mtoto alianza kula palepale au ilichukua siku.

Akasema palepale.

Yule mgeni akaniuliza siku ya tatu baada ya hapo, saa saba mchana, wakati mji mzima unakula. Mbaruk alikuwa msikitini, Pantaleo alikuwa ameshaacha kazi, amesema atapika hata hospitali lakini hapa harudi. Nimekaa peke yangu na Anfal mapajani, kichwa chake hakikai tena, kinaangukia huku na huku, na nje nasikia makuli wanapiga kelele wapishwe, bodaboda, mtu anauza maji, watu wote wako hatua kumi kutoka kwangu. Kiti cha mlangoni kikavutwa nyuma. Harufu ikaja mpaka usoni kwangu.

"Hapa pameisha," ile sauti ikasema. "Wapi pengine pananoga?"

Nikamtajia mahoteli makubwa. Nilikuwa nimejiandaa, nimeyatafuta kwenye simu, nikamtajia la kioo lile la juu kabisa ambako unakula unaiona bahari, nikamtajia ya Masaki ambako samaki analetwa na watu watatu, nikamtajia wanakokula Wazungu, wanakokula mawaziri, majina mengine hata kuyatamka sijui, nikasema huko ndiko mji unakokula siku hizi, huko nenda, huko chakula hakiishi.

"Huko wanauza," akasema. "Hawakaribishi. Nani anakaribisha?"

Na mkono wa Anfal ukaachia kidole changu. Alikuwa amekishika tangu asubuhi, akakiachia, na mimi akili yangu yote ikawa pale kwenye kile kidole, sikuwaza mtu, sikuwaza dhambi, mdomo wangu wenyewe ukafunguka ukasema Maimuna, Kariakoo, uchochoro wa nyuma ya wauza ndoo, anapika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, ana mkono mzuri, hakuna anayepita pale asikaribishwe, kwa Maimuna, nenda kwa Maimuna.

Maimuna tulisoma wote kidato cha kwanza mpaka cha nne. Nilipojifungua Anfal, mama yangu hayupo, Maimuna aliniletea uji wa pilipili manga kila asubuhi siku arobaini, kabla hajakwenda kuwasha jiko lake. Siku mvua imejaa barabarani alikuja na chupa ya uji kichwani, sketi ameipandisha magotini, ananicheka mimi kwamba nimelala kama mke wa balozi.

Kiti kikarudi mahali pake. Harufu ikakatika. Anfal akalishika ziwa kwa mikono miwili, akanyonya mpaka nikaumia, na nikalia, na machozi yalipofika mdomoni yalikuwa na chumvi.

Wateja wakarudi. Pantaleo naye akarudi, akasema ametuhurumia tu. Mimi nikaacha kupita Kariakoo, nikazungukia njia nyingine. Maimuna akanipigia siku ya nane, anacheka, anasema shoga mkono wangu umeharibika, watu wanasema wali wangu kama pamba. Akapiga tena siku ya kumi na tano, hacheki. Nassibu, mwanawe wa miaka miwili, amegoma kula. Akaniuliza Anfal nilimpeleka wapi mpaka akapona. Nikamwambia hospitali. Nikamtajia mpaka jina la dawa, dawa ambayo haipo.

Wiki mbili baadaye Nassibu akazikwa.

Nilikwenda msibani, ningeachaje. Ua wa nyumba yao umejaa wanawake, masinia yamepangwa kwenye mkeka, na kila mmoja anakula polepole, kimya, bila kumwangalia mwenzake, kwa sababu kila mmoja anadhani ni mdomo wake ndio umeharibika. Mimi nilijua. Nilikula pia. Maimuna alikuwa chumbani, ameegemea ukuta. Akapapasa mkeka nikae karibu yake, na akaanza kunong'ona huku wanawake wazee wakiwa mlangoni, sauti yake haina machozi hata kidogo, imekauka.

"Aliniuliza siku tatu," akasema. "Wapi pengine pananoga, nani anakaribisha. Nilikuwa na wawili tu wa kuwataja, Hajira. Mama yangu na wewe. Siku ya tatu Nassibu hawezi hata kufumbua macho, na bado nikaona siwezi. Wewe una Anfal. Nikanyamaza."

Nikainama, nikavuta ukindu uliochomoka kwenye mkeka.

"Jana alikula matanga, akamaliza. Alfajiri hii akaniambia, kama huna pa kunipeleka, narudi kwa Hajira aliyenileta." Akanishika mkono. Nilingoja auvunje, nilitaka auvunje. Akaushika tu. "Sikuulizi kitu. Nataka uniahidi. Akija kwako, usimtajie mtu mwingine."

Nikaahidi. Mbele ya nguo za Nassibu zilizokunjwa kitandani, nikaahidi.

Hiyo ilikuwa juzi. Jana usiku nikasikia ukoko. Leo asubuhi Anfal amevuta mara moja, ameliachia ziwa, amenitazama, amegeuza uso. Tangu Anfal alipopona sikuwa nimemkaribisha mtu, nimekula milango imefungwa, miguu ikisimama nje nainamisha kichwa nanyamaza, majirani wanasema nimekuwa bahili. Lakini huyu mara hii hakungoja mlangoni. Alishakaribishwa.

Ana kilo saba kamili Anfal. Nimempima mwenyewe leo kwenye mzani wa mchele. Zamu hii naona inakwenda haraka, jicho lake moja halifunguki vizuri, na sasa imefika saa saba mchana, mji wote unakula, Mbaruk yuko msikitini, na kiti cha mlangoni kimevutwa nyuma. Ameniuliza. Nimenyamaza, ameniuliza tena, taratibu, kama mtu mwenye muda wote wa dunia. Nawajua wengi. Namjua dada wa vitumbua wa hapo kona, namjua mke wa Rajabu wa ghorofa ya pili, namjua mama yake Maimuna. Majina yao yamenijaa mdomoni kama chakula. Kidole changu kiko mkononi mwa Anfal, bado amekishika, amekishika kidogo tu.

Nilimwahidi Maimuna. Sitamtajia mtu mwingine.